Ukuta wa Kageha

Mimi hulipwa kwa mita ya mraba.
Ukuta ni ukuta, rangi ni rangi,
ndivyo nilivyojiambia asubuhi ile Chavakali
nikikoroga manjano kwa mti wa ufagio
mbele ya duka la Kageha,
duka la kiberiti, sabuni ya kipande, mafuta ya kupima.

Kijana wa kampuni, Mutugi, alishuka na tarakilishi kwapani.
Viatu vyake vilikuwa vyeupe. Udongo wetu ukavitazama.
"Hii hapa, fundi. Ichore kama ilivyo."
Unga wa mchuzi, jina lake Chuzika,
na chini ya jina, watu wawili mezani:
mwanamume, mikono ya shati imekunjwa,
amemkumbatia mwanamke wa makamo,
anamlisha firigisi kwa uma.
Wanacheka hadi magego.

Nikauliza: huyu ni mamake?
"La, ni mama mkwe. Tulifanya utafiti.
Watu wa huku wanapenda kuku."

Wanapenda kuku!
Ndugu yangu, kuku wetu ana ramani.
Paja lina mwenyewe, kidari kina mwenyewe,
shingo inajua inakokwenda,
na firigisi haiulizi njia.
Na huyo mkwe je? Nimeoa miaka kumi na tisa;
mamake Ayuma nikimwona njiani kwa mbali
mmoja wetu huingia shamba la watu
kukagua mahindi yasiyo yake.
Hivyo ndivyo tunavyosalimiana.

Nilimwambia nusu ya hayo.
Nusu nyingine niliimeza,
maana mita zilikuwa ishirini na nne
na karo ya muhula ilikuwa imeshapiga hodi.
Nikachora. Nilichora vizuri, na hilo ndilo linaloniuma:
hata mafuta kwenye kidevu yaling'aa.

Siku ya soko wanawake walishuka na maparachichi yao,
wakafika ukutani, wakainamisha macho,
wakanunua chumvi ng'ambo ya barabara.
Vijana wa bodaboda walimwita Bwana Firigisi.
Katoni la pakiti mia mbili:
zilitoka tatu, moja ilichukuliwa na panya.

Mutugi alirudi, viatu sasa rangi ya kwetu.
Kageha akammiminia chai, akangoja anywe nusu.
"Mwanangu, firigisi nakula mimi,
tangu Asava azikwe, huu mwaka wa saba,
na ni tamu, wala sikungoja ruhusa ya ukuta.
Hilo tungelicheka, likapita.
Lakini mkwe umemfungulia mlango
ambao binti yangu bado anaulinda.
Na wewe mwenyewe hukubisha."

Nilishtuka kuliko Mutugi.
Miaka yote nanunua mafuta kwake,
na kichwani mwangu nilishamchora
akila shingo.

Kijana akazungusha kikombe.
"Kwa nyanya yangu, Chuka," akasema polepole,
"mbuzi naye ana ramani.
Sijui niliiacha wapi."
Kisha: "Fundi, chora unavyojua."

Nikachora mlango.
Ndani, mama anafunika chungu.
Nje, mkwe kwenye kigoda, ametazama kando,
kofia magotini, pua juu,
maana mvuke umepenya chini ya mlango
ukamfikia, kama salamu.
Hakuna anayekula. Chuzika nikaiandika pembeni, ndogo.

Watu walisimama. Bibi mmoja akauliza
mbona huyo mkwe anafanana na Agufa wa posho.
Agufa mwenyewe akaja kujitazama,
akaondoka na pakiti mbili.

Kampuni ikatuma mtu wa kupiga picha.
Desemba, binamu yangu akanipigia simu kutoka Nakuru:
mlango wangu uko huko, mkubwa kama ghorofa,
na dereva mmoja ameuona hadi Lodwar.
"Huku watu wanauliza," akasema,
"huyu jamaa amekosa nini hadi mkewe amfungie nje?"

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta wa Kageha,
rangi ikanishika begani.
Walinilipa mita ishirini na nne.
Mlango haukuhesabiwa.